Utafiti wa uhusiano wa kimataifa kwa mwanafunzi: jinsi ya kuufanya, kwa mfano wa mahindi ya Namanga

Ingia maktaba ya chuo chochote kinachofundisha uhusiano wa kimataifa, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ushushe tasnifu za wanafunzi kutoka rafuni. Vichwa vyake vinafanana: "Nafasi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki katika Kukuza Mtangamano", "Changamoto za Diplomasia ya Uchumi". Walioandika hawakuwa wavivu. Walianza na mada kabla ya kupata swali, na mada pana haina mwisho. Utasoma muhula mzima na bado hutajua unachotafuta.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi mwenye muhula mmoja au miwili, msimamizi mmoja na fedha kidogo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Kenya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda mwezi Machi 2021. Nimeuchagua kwa kuwa nyaraka zake nyingi ziko wazi, wahusika wengi bado wanafikika, na ndani yake zimo hoja kubwa za somo letu zote: mamlaka ya nchi, sheria za jumuiya, siasa za ndani, na biashara inayoendelea hata pale serikali zinapokorofishana.

Hatua ya kwanza: tafuta tukio lenye tarehe

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ya kuzuia mara moja mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka) kupita kiwango salama. Malori yakapanga foleni mpakani, pamoja na Namanga, kituo cha mpaka wa Kenya na Tanzania. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa kila bilioni, na ionyeshwe mahindi yametoka wapi.

Siku tano. Swali linajitokeza lenyewe: kwa nini Kenya iliweka zuio hilo, na kwa nini ililegeza haraka kiasi hicho? Swali hili lina nchi, lina uamuzi, lina tarehe mbili, na lina jambo linalogoma kueleweka. Nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010. Ibara ya 13 ya Itifaki ya Umoja wa Forodha inazitaka nchi ziondoe vikwazo visivyo vya kiforodha (vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru) na zisiweke vipya. Iweje basi barua moja izuie zao zima la nchi mbili?

Kama mahindi hayakuvutii, matukio ya namna hii yapo mengi. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kwa sababu ya mvutano juu ya ndege ya mizigo ya Air Tanzania. Aprili 2025 ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini. Desemba 2023 kikosi cha Jumuiya kiliondoka mashariki mwa Kongo baada ya mwaka mmoja tu, na kile cha SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, kikaingia. Kipimo changu ni hiki: je, unaweza kusema nani aliamua, siku gani, na angeweza kuamua nini kingine? Ukikwama kwenye lolote kati ya hayo matatu, endelea kubana.

Hatua ya pili: mwendee msimamizi na karatasi mkononi

Wanafunzi wengi humwendea msimamizi na kumuuliza, "Dakta, niandike kuhusu nini?" Atakutajia mada anayoipenda yeye, na mwaka mzima utakuwa unamfanyia yeye kazi. Andika kwanza ukurasa mmoja: swali, tukio lenyewe kwa aya moja, majibu yanayowezekana, na nyaraka ulizokwisha kuzipata. Utume siku chache kabla ya kuonana, pamoja na ujumbe mfupi wa namna hii:

"Shikamoo Dakta. Nimeambatisha ukurasa wenye swali langu, maelezo manne yanayoshindana, na orodha ya nyaraka nilizozipata. Naomba unisaidie mambo mawili: kama swali limebanwa vya kutosha, na kama maelezo ya tatu yanapimika. Naweza kuja ofisini Jumanne au Alhamisi baada ya saa nane mchana."

Msimamizi mwenye wanafunzi wengi hujibu kwanza ujumbe unaoomba jambo mahususi. Mkishaonana, jioni hiyohiyo mwandikie mistari mitano ya mliyokubaliana. Kumbukumbu hiyo itakulinda miezi minne baadaye, atakapokuuliza kwa nini uliiacha Uganda nje au kwa nini uliiingiza. Asipojibu wiki nzima, mkumbushe kwa adabu. Akiendelea kukaa kimya, nenda saa zake za kuonana na wanafunzi, na baada ya hapo nenda kwa mratibu wa tasnifu. Usikae nyumbani ukingoja. Na kazi ikikwama, mwambie imekwama. Msimamizi hawezi kukwamua asichokijua.

Hatua ya tatu: panga maelezo yanayoshindana

Hapa ndipo utafiti unapotofautiana na ripoti ya gazeti, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mrefu kuliko kwingine kote. Kabla hujaamini lolote, andika sababu zote zinazowezekana. Chini ya kila moja andika vitu viwili: kama ni kweli, nitarajie kuona nini? Na ni kitu gani nikikiona kitaiangusha?

Maelezo ya kwanza ni afya ya umma. Yasidharauliwe. Mwaka 2004 sumukuvu iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyohiyo. Nchi yenye historia hiyo ina haki ya kuogopa. Lakini mahindi yaliyoua watu mwaka 2004 yalikuwa yamelimwa hukohuko. Kwa hiyo kama afya ndiyo sababu, tarajia kuona matokeo ya maabara, tarajia hatua kali vilevile kwa mahindi ya ndani, na uulize kwa nini zuio lilifuata uraia wa mahindi badala ya kupima kila lori.

Maelezo ya pili ni kuwalinda wakulima. Mavuno makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu hutoka kati ya Oktoba na Januari. Kufikia Machi wakulima wanatafuta bei. Tarajia kuona malalamiko ya wabunge wa Bonde la Ufa kabla ya barua, bei ya gunia ikishuka, na waziri akiulizwa bungeni. Wasagishaji wa unga, kwa upande wao, wanataka mahindi ya bei nafuu, na huenda wao ndio waliosukuma zuio lilegezwe. Linganisha sauti za pande hizi mbili siku kwa siku.

Maelezo ya tatu ni kulipizana. Wengi hukimbilia hapa kwa sababu historia ipo: mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya na kuteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga, mwaka 2020 kukawa na mvutano wa madereva na vipimo vya korona, kisha wa ndege. Ila zuio la 2021 liliigusa na Uganda. Anayeshikilia kulipizana lazima aeleze Uganda imeingiaje. Huenda akasema Uganda nayo ilikuwa na ugomvi wake na Kenya, wa maziwa, tangu 2020. Sawa, lakini hapo anaunganisha ugomvi wa aina mbili kwa barua moja, na kazi ya kuthibitisha ni yake.

Maelezo ya nne yanahusu urasimu: kwamba mamlaka moja iliandika barua bila wizara ya mambo ya nje wala ya biashara kuandaliwa, na kulegeza kukaja wakubwa walipoamka. Wanafunzi hulisahau hili kwa sababu tumezoea kuandika "Kenya iliamua" kana kwamba Kenya ni mtu mmoja. Tazama nani alisaini, nani alinakiliwa, na nani alitoa tamko la tarehe 10.

Hutalazimika kuchagua moja tu. Mara nyingi zuio lina sababu moja na kulegezwa kuna nyingine, na kuona tofauti hiyo ni mchango tosha kwa tasnifu ya shahada ya kwanza.

Hatua ya nne: nadharia moja au mbili, basi

Usijaze kurasa 20 za uhalisia, uliberali na nadharia nyingine zote tangu vita vya kwanza vya dunia. Chagua inayoweza kutenganisha maelezo yako. Kwa mahindi, wazo la Robert Putnam, mtaalamu wa siasa wa Marekani, la mwaka 1988 linafaa sana: kiongozi anacheza meza mbili kwa wakati mmoja, ya kimataifa na ya nyumbani, na anachokubali kwenye moja lazima kipite kwenye nyingine. Linakusukuma kutafuta wakulima na wasagishaji upande mmoja, na mawaziri wa nchi jirani upande wa pili. Uhalisia, yaani nadharia inayotazama nguvu na maslahi ya nchi, utakuambia Kenya ilitumia nguvu ya soko lake. Muulize uhalisia huo: mbona basi ililegeza siku ya tano? Nadharia inayoulizwa maswali ndiyo inayopata alama.

Hatua ya tano: nyaraka kwanza, watu baadaye

Anza na jedwali la matukio. Safu nne: tarehe, kilichotokea, chanzo, na una uhakika kiasi gani. Jedwali hili pekee litakuokoa na makosa yanayorudiwa kila mahali. Mfano: utasoma kwamba ujio wa Rais Samia ndio uliomaliza zuio. Weka tarehe zikae mfululizo. Zuio lililegezwa 10 Machi. Rais Magufuli, ambaye hakuwa ameonekana hadharani tangu mwisho wa Februari, alifariki 17 Machi. Rais Samia aliapishwa 19 Machi na kuzuru Nairobi 4 na 5 Mei. Ziara ile inaweza kueleza kilichofuata, yaani uhusiano kutengemaa na biashara kukua, lakini haiwezi kueleza jambo lililotangulia kutokea. Vivyo hivyo, zuio kutokea wakati wa sintofahamu ya Dodoma si ushahidi kwamba sintofahamu hiyo ndiyo iliyolileta.

Nyaraka za kutafuta ni hizi. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya uliosainiwa 1999, pamoja na itifaki zake, zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Jumuiya. Usome wenyewe, usitegemee alivyonukuu mwenzako. Itifaki ya Umoja wa Forodha ndiyo ya kuikariri. Hansard (kumbukumbu za mijadala) za Bunge la Tanzania ziko mtandaoni kwa Kiswahili: tafuta "mahindi", "sumukuvu", "Namanga". Hansard za Kenya ziko kwa Kiingereza na Kiswahili kwa kadiri mbunge alivyozungumza. Za Bunge la Afrika Mashariki usizisahau, kwani humo ndimo wabunge wa nchi tatu hujibizana ukumbi mmoja.

Takwimu za biashara zipo kwenye hifadhidata ya Comtrade ya Umoja wa Mataifa. Mahindi ni namba 1005. Linganisha kile Tanzania inachosema iliiuzia Kenya na kile Kenya inachosema ilinunua kutoka Tanzania. Namba hazitalingana. Sehemu ya sababu ni mahindi yanayopita njia za panya kwa baiskeli na pikipiki bila kuandikwa popote. Usifiche tofauti hiyo kwa kuchagua namba inayokupendeza. Ieleze, maana ni sehemu ya jibu. Uganda hufanya uchunguzi wake wa biashara isiyo rasmi ya mipakani, na ripoti zake zitakusaidia.

Magazeti yatumie kwa tarehe na kauli. Soma ya nchi zote tatu, kwani habari ya siku moja huwa na sura tofauti Nairobi na Dar es Salaam.

Kuhusu programu za akili bandia: zinaweza kukusaidia kupanga mawazo, lakini hutunga marejeleo yasiyokuwepo, yenye majina na kurasa kabisa. Chanzo ambacho hujakifungua mwenyewe kisiingie kwenye marejeleo.

Hatua ya sita: vibali, mapema kuliko unavyodhani

Kama utahoji watu Tanzania, chuo chako kitakupa barua ya kukutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye atakuelekeza wilayani, na huko wakuelekeze chini zaidi. Kila ofisi hugonga mhuri kwa wakati wake. Watafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya kibali hutolewa na tume yake ya sayansi, NACOSTI, na Uganda na baraza lake la sayansi, UNCST.

Namanga ina mtego wake. Tangu Desemba 2018 kuna kituo rasmi cha pamoja cha mpakani, na utaratibu wa vituo hivi ni kwamba gari hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika nchi linakoingia. Lori la mahindi kutoka Arusha linamalizwa upande wa Kenya. Maana yake ofisa wa Tanzania anayeshughulikia mzigo unaotoka anaweza kuwa amekaa ng'ambo, na barua yako ya Katibu Tawala wa Arusha haifiki huko. Ama omba vibali vya nchi zote mbili, ama panga kuwahoji upande mmoja tu na useme hivyo wazi kwenye sura ya mbinu.

Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hakikisha mhojiwa anajua wewe ni nani, taarifa zake zitatumikaje, na kwamba anaweza kukataa. Majina ya madereva na mawakala yasiingie kwenye tasnifu.

Hatua ya saba: mahojiano

Watu wanane waliochaguliwa vizuri wanatosha kwa swali la namna hii: ofisa wa kilimo, ofisa wa viwango, wakala wa forodha wawili, mfanyabiashara wa mahindi wawili, mtu wa sekretarieti ya Jumuiya, na mwandishi wa habari aliyekuwapo. Dodoso la watu mia halitakuambia kwa nini barua iliandikwa, kwa sababu watu mia hao hawakuwapo.

Usimuulize mtu swali lako la utafiti. "Unadhani kwa nini Kenya ilizuia mahindi?" litakuletea maoni ya kijiweni. Muulize alichokiona: "Mzee, wiki ile ya kwanza ya Machi 2021, ulikuwa na magari mangapi barabarani? Nani alikwambia habari ya zuio, na kwa njia gani? Lori lako lilipitaje, au lilirudi? Cheti cha sumukuvu ulikipata wapi, na kwa shilingi ngapi?" Wakala anayejibu maswali haya atafungua jalada na kukuonyesha nakala ya cheti chenye tarehe. Tarehe hiyo ina uzito kuliko maoni ya watu ishirini.

Salamu zisirukwe. Mpakani mtu hukupima kwa dakika tano za mwanzo, na anayeanza na daftari kabla ya shikamoo na habari za safari hupewa majibu ya mkato. Afisa wa serikali mpelekee maswali kwa maandishi kabla. Akisema jambo fulani "si la kuandikwa", lisiandikwe. Ukiambiwa habari za rushwa, usimchokonoe mtu ajitie hatarini kwa ajili ya tasnifu yako. Jioni, kabla ya kulala, andika upya ulichosikia kikiwa bado kichwani.

Kama nauli ya Namanga huna, fanya mahojiano kwa simu na ueleze hivyo. Tasnifu nzuri ya nyaraka tupu inawezekana kabisa kwa tukio hili.

Hatua ya nane: kuandika

Andika sura ya uchambuzi kwanza, utangulizi mwisho. Panga uchambuzi kwa maelezo yako manne, siyo kwa mpangilio wa nani alisema nini. Kila sehemu iwe na hukumu: ushahidi unaunga mkono hapa, unapinga pale, na haufiki hapa. Pale usipofika, sema. Mtu akiuliza, kwa mfano, kwa nini hakuna mfanyabiashara aliyekimbilia Mahakama ya Afrika Mashariki ilhali Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote kufungua shauri ndani ya miezi miwili, unaweza kujibu kwamba zuio lilikwisha kabla wakili hajaandaa makaratasi, lakini lazima uoneshe kwamba umeuliza.

Mapitio ya maandiko yasiwe orodha ya "fulani alisema, fulani naye akasema". Wagawe waandishi kwa hoja zao, kisha onyesha pengo unaloingia wewe. Kurasa sita nzuri zinatosha.

Hatua ya tisa: kutetea

Jopo litakuuliza mambo yaleyale: kwa nini tukio hili na si jingine, kwa nini watu wanane, ungejuaje kama umekosea, na matokeo yako yanahusu nini nje ya Machi 2021. La mwisho ndilo gumu. Jiandae kwa tukio moja la kulinganisha, kwa mfano zuio la Aprili 2025. Pale waziri wa Tanzania alitangaza hadharani kwamba anajibu vikwazo vya nchi nyingine, na hakuzungumzia afya. Ukiweza kueleza kwa dakika mbili kwa nini mazuio mawili ya mazao yalitangazwa kwa lugha tofauti kiasi hicho, jopo litaona kwamba umelielewa jambo lako.

Marekebisho watakayokupa yaandike kwenye jedwali la safu tatu: walichotaka, ulichofanya, na ukurasa. Mpelekee msimamizi asaini jedwali hilo kabla hujaenda kujalidi. Nakala moja ya tasnifu, au walau muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, warudishie wale waliokupa muda wao mpakani.